Nyaya zilizopita juu ya shamba: swali nililoshindwa kulijibu Singida

Najua nilipotea, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimeolewa hukohuko. Hapana jamani. Nilikuwa TP, yaani mazoezi ya kufundisha, mkoani kwetu Singida, na shule niliyopangiwa mtandao unapatikana ukipanda juu ya jiwe. Kwa msioijua Singida, mawe ni kitu ambacho hatujawahi kupungukiwa. Sasa nimerudi chuoni, vumbi la miguuni limetoka, lakini nimerudi na deni. Leo nataka kulilipa.

Deni lenyewe ni swali. Nilikuwa nafundisha Fizikia Kidato cha Pili, mada ya umeme. Maabara hakuna, kwa hiyo nikaenda darasani na nilichokuwa nacho: betri mbili za tochi, balbu ndogo ya tochi, vipande vya waya nilivyovitoa kwenye redio mbovu ya mjomba, na swichi niliyoitengeneza kwa kipande cha kopo. Nikaunganisha, balbu ikawaka. Darasa zima likapiga makofi, na mimi nikajiona mwalimu wa walimu. Ndipo binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Madam, nyaya kubwa za umeme zimepita juu ya shamba letu tangu mama yangu hajaolewa. Kama umeme unapita humo, kwa nini mimi nimesomea kibatari mpaka darasa la saba?"

Mnajua nilijibu nini? Nilisema, "Usiwe na haraka, na kwenu utafika." Nyuma kule mvulana mmoja akadakia kwamba umeme unaona aibu kushuka kwao. Darasa likacheka, na mimi nikacheka nao. Yule binti akakaa. Zilikuwa zimebaki wiki sita, na katika wiki hizo sita hakunyoosha mkono tena.

Swali lake lilikuwa na majibu mawili, moja la fizikia na moja la historia, na mimi sikumpa hata moja. Juzi nimeongea na mwalimu wake wa darasa, kaniambia wanakaribia kuchagua masomo ya Kidato cha Tatu, na binti anasema Fizikia ataiacha. Nikaona nisipoandika sasa nitakuwa nimechelewa. Haya yafuatayo nitayachapa nimpelekee, lakini nimeona niyaweke na hapa, maana najua si yeye peke yake aliyewahi kujiuliza.

Tuanze na neno lenyewe. Wazee wetu waliposema umeme walimaanisha ule wa mawinguni, unaomulika kabla ya radi kunguruma. Mashine za kuzalisha nguvu hii zilipokuja, hatukutunga neno jipya, tukalichukua lile la mvua. Wenzetu wa Kenya husema stima, neno lililoanzia kwenye meli za mvuke. Sisi tuliobaki na umeme tulipatia kuliko tulivyojua, kwa sababu mwaka 1752 majaribio aliyoyabuni Benjamin Franklin wa Marekani yalithibitisha kwamba ile ya mawinguni na ile cheche ndogo inayotoka ukisugua vitu ni kitu kimoja.

Na cheche hiyo watu wa Singida tunaifahamu vizuri. Mwezi wa sita mpaka wa nane, kukiwa kukavu na upepo wa baridi unavuma, vua sweta usiku gizani uone. Linalia tatata na vijicheche vinaonekana. Ukisugua kalamu ya plastiki kwenye nywele inavuta vipande vya karatasi. Kwetu jaribio hili linakubali mara moja. Pwani linasumbua, kwa sababu hewa yenye unyevu huondoa chaji haraka. Kwa hiyo angalau kuna kitu kimoja cha maabara ambacho Mungu alitupa bure: hewa kavu.

Wagiriki wa kale waliliona jambo hili kwenye kaharabu, ile gundi ya miti iliyogeuka jiwe. Ukiisugua kwa manyoya inavuta vitu vyepesi. Kwa Kigiriki kaharabu inaitwa elektron, na ndiko lilikotoka neno elektroni. Karne nyingi zilipita bila mtu kuendelea mbali zaidi ya hapo. Mwaka 1733 Mfaransa Charles du Fay akagundua kwamba kuna chaji za aina mbili: zinazofanana zinasukumana, zisizofanana zinavutana. Franklin ndiye aliyezipa majina ya chanya na hasi, na mwaka 1785 Mfaransa mwingine, Coulomb, akapima nguvu yenyewe. Chaji mbili ukizitenganisha umbali mara mbili, nguvu inashuka mpaka robo.

Hapo kwenye chaji naomba tusimame kidogo, maana ndipo wanafunzi wangu walipopotelea, na kosa si lao. Tunasema "simu imeisha chaji." Mtoto akisikia hivyo tangu mdogo, ukimfundisha chaji darasani anaamini kwamba ni kitu kinacholiwa, kama mafuta ya taa kwenye kibatari. Kumbe chaji haziishi. Simu ikizima, elektroni zilizokuwemo bado zimo. Kilichopungua ni nishati, ile kemikali ya ndani ya betri iliyokuwa inazisukuma. Kuchaji simu si kuijaza elektroni mpya, ni kuirudisha ile kemikali katika hali yake ya kusukuma.

Kabla ya mwaka 1800, wataalamu waliweza kuzikusanya chaji lakini zikiachiwa zilitoka kwa mpigo mmoja, tap, basi. Mwitaliano Alessandro Volta ndiye aliyepata namna ya kuzifanya ziende mfululizo. Alipanga visahani vya zinki na vya shaba, katikati akaweka kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Hiyo ndiyo betri ya kwanza. Huwa nafikiria kwamba maji ya chumvi sisi tunayo ya kumwaga, Ziwa Singidani lipo pale mjini na Kindai pia. Somo lote la Volta lingeweza kufanyika ufukweni kwa bati la zinki na vipande vya waya wa shaba.

Chaji zikienda mfululizo tunasema kuna mkondo, neno tulilolitoa kwenye maji. Mkondo wa ampea 1 maana yake ni kwamba kila sekunde zinapita elektroni bilioni sita mara bilioni moja, na zaidi kidogo. Lakini kila elektroni inatembea polepole mno, hata konokono anaipita. Sasa mbona ukibonyeza swichi taa inawaka hapohapo?

Nilivyoieleza darasani ni hivi, na hii ndiyo sehemu moja ya TP ninayojivunia. Nikawatoa nje, nikawapanga duara, kila mtu ana tofali mikononi, kama siku ya kazi ya ujenzi. Nikasema nikipiga makofi kila mtu ampe wa kulia tofali lake na apokee la wa kushoto. Nikipiga, duara zima linasogea kwa pamoja, ingawa hakuna tofali lililofika mbali. Waya ndivyo ulivyo: elektroni zimo tayari kila mahali, betri inapiga makofi tu. Halafu nikamtoa mmoja kwenye duara. Matofali yote yakasimama, siyo ya majirani zake peke yao. Hiyo ndiyo saketi. Njia lazima iende na irudi, na ikikatika sehemu moja imekatika yote.

Mwaka 1827 Mjerumani Georg Ohm akatoa hesabu yake: mkondo unategemea nguvu ya kusukuma, yaani volti, na ukinzani wa njia. Betri mbili za tochi za volti 1.5 kila moja zinasukuma kwa volti 3. Ukinzani ukiongezeka, mkondo unapungua. Ni rahisi hivyo.

Kuna mzaha mmoja wa historia humu. Franklin alipotaja chanya na hasi, alikisia kwamba kinachotembea kinatoka upande wa chanya. Mwaka 1897 J. J. Thomson wa Uingereza alipoigundua elektroni ikaonekana ni hasi, na kwenye waya inatembea kinyume. Lakini vitabu vilikuwa vimeshaandikwa, michoro imeshachorwa. Mpaka leo tunachora mshale ule wa Franklin kutoka chanya kwenda hasi, na wanafunzi wanaumia kichwa.

Sasa tuje kwenye nyaya za juu ya shamba. Ile njia ni ya msongo wa kilovolti 220, yaani volti 220,000. Ndani ya nyumba tunatumia 230. Kwa nini wausafirishe mkali hivyo? Kwa sababu nguvu ni volti mara ampea. Tuseme unataka kupeleka wati 22,000. Kwa volti 220 unahitaji ampea 100. Kwa volti 220,000 inatosha ampea 0.1. Mkondo umepungua mara elfu. Joto linalopotea njiani hufuata mkondo kwa kipeo cha pili, kwa hiyo kwenye waya uleule upotevu unapungua mara milioni. Bila hivyo umeme wa bwawani ungekuwa unapasha moto nyaya na njiwa, mwisho wa njia usifike wa kuwasha hata taa.

Ila ukali huo haugusiki. Huwezi kupanda nguzo ukauvuta waya kwenda jikoni. Lazima kwanza ufike kituo cha kupozea umeme, ushushwe na transfoma mpaka kilovolti 33 au 11, usambazwe, kisha transfoma nyingine ndogo, ile ya kwenye nguzo pale senta, iushushe tena mpaka wa nyumbani. Transfoma inatokana na ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831, kwamba usumaku unaobadilikabadilika huzaa umeme kwenye waya ulio jirani. Ndiyo maana gridi yetu ni ya mkondo unaogeukageuka, mara 50 kwa sekunde. Mkondo wa betri, unaokwenda upande mmoja tu, transfoma haiutambui.

Hilo ndilo jibu la kwanza, mdogo wangu. Umeme uliopita kwenu haukuweza kushuka kwa sababu umeme haushuki wenyewe. Unashushwa, na wa kuushusha ni mtu aliyeamua na kulipia transfoma. Sasa nani aliamua, na kwa ajili ya nani? Hapo fizikia inaishia, inaanza historia.

Zanzibar, Beit al-Ajaib lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash ndilo linalotajwa kuwa jengo la kwanza kisiwani kuwa na umeme. Jina lenyewe ni nyumba ya maajabu, na taa zilikuwa moja ya maajabu hayo. Ni jumba la mfalme. Bara, umeme wa kwanza wa huduma uliwekwa Dar es Salaam na Wajerumani mwaka 1908. Uliwashwa wapi? Kwenye karakana za reli na sehemu ya mji waliyoishi wakoloni. Waingereza wakaja, mwaka 1920 wakaunda idara ya umeme ya serikali, na mwaka 1931 wakaikabidhi kazi hiyo kwa kampuni mbili binafsi. DARESCO ilishika Dar es Salaam na miji ya reli ya kati. Tanganyika Electric Supply Company, ambayo ndiyo TANESCO, ilishika upande wa Tanga na kujenga mtambo wa maporomoko ya Pangani. Wateja wakubwa walikuwa mashamba ya mkonge.

Mwaka 1932 kampuni ya umeme ya Kenya, East African Power and Lighting, ikanunua sehemu kubwa ya hisa za TANESCO. Yaani kwa zaidi ya miaka 30 mwenye swichi ya Tanga alikuwa Nairobi. Serikali yetu ilizinunua hisa hizo mwaka 1964, kampuni mbili zikaunganishwa, na mwaka 1968 jina likawa Tanzania Electric Supply Company.

Ukiangalia ramani ya nyakati hizo, umeme uko mahali palipo na reli, bandari, mkonge au ofisi. Mkulima wa uwele na alizeti wa Singida hayumo. Sisemi kwamba kuna mtu aliyeamka asubuhi akasema tuwanyime Wanyaturu na Wanyiramba. Hakuhitaji kusema. Kampuni inavuta waya kuelekea kwa anayelipa, na sisi hatukuwa kwenye hesabu.

Baada ya Uhuru mabwawa makubwa yakajengwa: Hale mwaka 1964, Kidatu kuanzia 1975, Mtera mwaka 1988. Gridi ya Taifa ikaanza kutambaa. Katika miaka ya 1980 ndipo ile njia ya kilovolti 220 ilipotoka kusini, ikapita Dodoma, ikaingia Singida, ikaendelea Shinyanga mpaka Mwanza. Katika miaka ya 1990 likatoka tawi lingine kutoka Singida kwenda Babati na Arusha. Mji wa Singida ukapata kituo cha kupozea umeme. Vijiji vya katikati vikapata mkuza: eneo refu chini ya nyaya ambalo hakuna ruhusa ya kujenga wala kupanda mti mrefu. Kwa hiyo mama yake yule binti aliolewa kwenye shamba lililopungua upana kwa ajili ya umeme wa watu wa Mwanza.

Mpango wa kweli wa kuushusha vijijini ulikuja na sheria ya nishati vijijini ya mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007. Nchi ina vijiji 12,318, na sasa karibu vyote vimefikiwa na nguzo. Gharama ya kuunganishwa kijijini ikashushwa mpaka Sh27,000, bei ya kuku wawili watatu wa kienyeji, na kuku ndiyo benki yetu. Hii si kazi ndogo, tuseme ukweli. Lakini kijiji kufikiwa siyo kila kitongoji kufikiwa. Kwao yule binti nguzo zimeishia senta, kwenye mashine ya kusaga na saluni. Kitongojini kwao bado.

Na Singida yenyewe je? Hapa ndipo mambo yamegeuka. Kando ya njia ile ya zamani ilijengwa nyingine ya kilovolti 400 kutoka Iringa mpaka Shinyanga kupitia Dodoma na Singida. Kisha kutoka Singida ikajengwa njia ya kwenda Arusha, Namanga, mpaka Isinya nchini Kenya, kilomita zipatazo 510, na Desemba 2024 ikatiwa umeme. Kenya nayo tangu mwaka 2022 imeungwa na Ethiopia kwa njia ya kilomita 1,045, na hiyo ni ya mkondo wa upande mmoja, ule wa betri, umerudi ukiwa na mitambo ya kisasa ya kuugeuza. Kwa upande wetu bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, lenye megawati 2,115, lilikamilisha mashine zake zote tisa mwaka 2025. Mkoa ambao zamani haukuwa kwenye ramani sasa umekuwa njia panda. Umeme wa Rufiji ukitaka kwenda Nairobi, na wa Ethiopia ukitaka kuja kwetu, unapita Singida.

Unapita. Neno lilelile la yule binti.

Ndiyo maana nasema swali lake halikuwa la kitoto. Aliuliza kitu ambacho ramani yote ya umeme wa nchi hii imekijibu kwa vitendo tangu 1908: waya unaelekea kwa aliyehesabiwa. Karakana ilihesabiwa, mkonge ulihesabiwa, mji ulihesabiwa, na kwa taabu na kwa sheria vijiji vikahesabiwa. Vitongoji ndiyo vinahesabiwa sasa. Na wanaohesabu ni watu, mainjinia na wapanga mipango waliosoma Fizikia Kidato cha Tatu wakaendelea. Kama waliokaa chini ya nyaya wote wataiacha, mezani pale watakaa wa mahali pengine, na swali hili halitakuwepo hata wa kuliuliza.

Mdogo wangu, wewe ulinyoosha mkono, mimi nikacheka na wenzako. Naomba radhi. Lile darasa lilikuwa na maswali mengi ya "Madam, hii itatoka kwenye mtihani?" Lako ndilo pekee lililonirudisha maktaba. Ukiamua kuiacha Fizikia, iache kwa sababu umependa kingine zaidi, siyo kwa sababu ya jibu langu.

Wapendwa, nimemaliza. Kesho nina lekcha ya saa moja asubuhi na huku hosteli washkaji wa chumbani wanalalamika taa inawasumbua kulala. Ngoja nizime, elektroni zipumzike, ingawa haziendi popote. Walimu wenzangu mlioko vijijini, kama mna namna nzuri ya kufundisha saketi bila maabara, msiwe wachoyo. Mimi la matofali nimeshawapa.

Tuko pamoja.